Mali Bila Daftari: Slaidi za Vyuo Vyetu na Somo la Sekenke

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuwaachia wenye maduka. Leo naielekeza kwa wasomi, kwa sababu silijui duka katika nchi hii linalopoteza mali yake kwa utulivu na heshima kama vyuo vikuu vinavyopoteza slaidi zake.

Mwanafunzi wa leo akisikia neno slaidi hufikiria kurasa za PowerPoint anazoomba zitumwe katika kundi la WhatsApp kabla ya mtihani. Slaidi ninayoizungumzia hapa ni kipande cha filamu chenye ukubwa wa milimita 36 kwa 24, kilichowekwa katika fremu ya karatasi ngumu au plastiki, kikapitishiwa mwanga wa projekta hadi picha ikatokea ukutani. Kwa miongo kadhaa ndicho kilichokuwa chombo kikuu cha kuwafundishia wanajiolojia, wanaakiolojia, wasanifu majengo, madaktari wa binadamu na wa mifugo. Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na maabara ya mwisho duniani iliyosafisha filamu ya Kodachrome iliacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa 2010. Tangu hapo slaidi zikawa kama barua zilizoandikwa kwa hati ambayo nyumba nzima imesahau kuisoma. Zimo kabatini, zimo chini ya ngazi, zimo katika stoo inayovuja, zikiliwa na kuvu na joto. Zilizopigwa kwa filamu duni zinaendelea kupauka na kugeuka nyekundu hata zikiwa gizani.

Wapo wanaoliona tatizo hilo, na jibu lao ni moja: tununue skana. Mimi nasema jibu hilo ni nusu ya jibu, na nusu hiyo ikitangulia peke yake inaweza kuwa hasara. Thamani ya slaidi ya kufundishia haimo katika filamu tu. Imo katika maelezo yanayosema picha ilipigwa wapi, lini, na nani, na kwa kusudi gani. Maelezo hayo kwa sehemu kubwa hayakuandikwa popote. Yamo vichwani mwa watu wanaostaafu na kufariki. Mpango wowote wa kidijitali unaotanguliza mashine na kuahirisha maelezo ni ubadhirifu uliovaa koti la maendeleo.

Nichukue mfano wa Sekenke, mkoani Singida. Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega huijua Sekenke kwa mteremko wake: barabara huliacha tambarare la juu la Iramba na kushuka kwa kona kali kuelekea bonde la Wembere, na madereva wa malori yaendayo Mwanza na nchi jirani huutaja mlima huo kwa heshima iliyochanganyika na hofu. Mwanajiolojia huijua kwa jambo jingine. Miamba ya hapo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake imepita mishipa ya kwatzi yenye dhahabu. Wajerumani walifungua mgodi hapo mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, koloni likiwa limezingirwa na fedha zimeadimika, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora na kufuliwa sarafu za rupia 15 kwa mitambo ya karakana ya reli. Ilikuwa mwaka 1916.

Itazameni sarafu hiyo. Upande mmoja yupo tembo, nyuma yake mlima. Ipo thamani yake, upo mwaka wake, lipo jina la koloni, na ipo herufi T ya Tabora. Watu waliokuwa wakikimbizwa na majeshi ya nchi mbili, Uingereza na Ubelgiji, wakifanya kazi kwa zana za kubahatisha, waliona ni lazima kila kipande kibebe tarehe na mahali pake. Kwa sababu hiyo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtu yeyote mwenye kuishika anajua imetoka wapi. Siwasifu wakoloni, dhahabu ile ilitoka katika ardhi isiyokuwa yao. Nauliza swali dogo tu: inakuwaje sarafu ya vita ibebe mwaka na mahali, na slaidi ya profesa, iliyopigwa wakati wa amani kwa fedha ya mlipa kodi wa nchi huru, isibebe chochote?

Katika kabati la idara moja niliyowahi kufanya kazi, nilikuta slaidi kadhaa zilizoandikwa kwa kalamu pembeni mwa fremu: "Sekenke". Nyingine: "Sekenke, mshipa". Nyingine: "Sek. 3". Basi. Moja inaonyesha ukuta wa mwamba na nyundo ya jiolojia iliyowekwa kama kipimo. Nyingine inaonyesha mdomo wa shimo la zamani uliozungukwa na vichaka, na mtu amesimama kando, kofia mkononi. Ni picha nzuri. Lakini haziwezi kufundisha kitu, kwa maana hakuna anayejua zinaonyesha nini.

Mtu atasema: si zimeandikwa Sekenke? Ndiyo, lakini Sekenke ipi? Sekenke ni mlima, ni mteremko, ni mgodi wa kale, ni kijiji. Na hata mahali panapojulikana hapakai palipo katika karatasi za serikali. Picha iliyoandikwa "Iramba" miaka ya 1970 huenda leo iko Mkalama, kwa kuwa wilaya hiyo ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Picha ya kijiji iliyopigwa kabla ya Operesheni Vijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huenda inaonyesha mahali ambapo sasa ni pori, na jina la kijiji hicho limehamia kando ya barabara pamoja na watu wake.

Hata pale mpigapicha alipokuwa mwangalifu akaandika namba za ramani, kazi haijaisha. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS vya leo hutumia WGS84. Ukizichukua namba za ramani ya zamani na kuziingiza katika simu bila kuzigeuza, utasimama takriban mita 300 mbali na mahali penyewe. Mshipa wa dhahabu unaweza kuwa na upana usiofika mita moja. Mita 300 ni mshipa mwingine kabisa, na pengine ni shamba la mtu mwingine.

Kuna wanaodhani haya ni manung'uniko ya wasomi wanaopenda vumbi. Waende Sekenke. Wachimbaji wadogo wanachimba maduara yao katika ukanda uleule uliochimbwa na Wajerumani na Waingereza. Chini ya ardhi hiyo zipo njia za kale. Mchimbaji anayeshuka bila kujua kwamba hatua chache ubavuni mwake lipo shimo la zamani lililojaa maji au lililozibwa kwa fito na udongo, anashuka na roho yake mkononi. Slaidi inayoonyesha mdomo wa shimo hilo kabla haujafunikwa, ikiwa na tarehe na mahali sahihi, ni ushahidi ambao ofisa madini anaweza kuuweka juu ya ramani na kusema: hapa msichimbe. Ikiwa haina maelezo, ni picha ya vichaka. Vivyo hivyo kwa mabaki ya mgodi. Wachimbaji huyaita marudio, na husagwa na kuoshwa upya kila bei ya dhahabu inapopanda. Nani atajua zebaki iliyoko mtoni ni ya lini, kama hatuna kumbukumbu ya rundo lilivyokuwa, ukubwa wake na mahali pake, kabla ya kuguswa?

Sasa niwajibu wapinzani wa hoja hii, maana nimewasikia katika vikao vingi.

Wa kwanza husema: picha zote siku hizi ziko kwenye intaneti, na tuna setilaiti na ndege zisizo na rubani, ya nini slaidi? Huyu anasahau kwamba hakuna ndege isiyo na rubani inayoweza kurudi mwaka 1975. Mwamba uliochongwa wakati wa kujenga barabara haupo tena. Mchoro wa kale uliofutwa na moshi na mikono ya watalii haupo tena. Mwanafunzi anayefundishwa mmomonyoko wa udongo kwa picha za Arizona anajifunza kwamba ardhi ya kwao si somo.

Wa pili ni wa hatari zaidi kwa sababu anaonekana mchapakazi. Husema: tuskani kwanza, maelezo tutaandika baadaye. Ndugu zangu, "baadaye" ndiyo stoo yetu ya sasa. Zile slaidi za "Sek. 3" zilikuwa na mwenyewe aliyejua kila moja, naye pia alisema ataandika baadaye. Ukiskani slaidi 10,000 zisizo na maelezo utapata faili 10,000 zenye majina kama IMG_0001, na sasa hata mwandiko wa pembeni mwa fremu umeupoteza, maana fundi aliskani filamu na kuacha fremu. Hapo hujahifadhi kitu. Umehamisha taka kutoka kabati la mbao kwenda kabati la umeme, na umempa mkuu wa idara ruhusa ya kutupa zile za asili kwa kuwa "tumeshaziweka kidijitali".

Wa tatu husema hakuna fedha. Tupige hesabu pamoja. Slaidi moja ikiskaniwa kwa kiwango cha nukta 4,000 kwa inchi hutoa picha yenye nukta takriban milioni 21, na faili lake lisilobanwa huwa na ukubwa wa megabaiti 64 hivi. Slaidi 10,000 ni gigabaiti 640. Hizo zinaingia katika diski moja ya terabaiti moja, ile ambayo wanafunzi hujazia filamu. Chukua diski tatu, mbili zikae majengo tofauti na ya tatu katika mji mwingine, na hofu ya moto na mwizi imepungua sana. Uhifadhi, basi, si kisingizio. Gharama halisi ni muda wa binadamu. Tukikadiria dakika 10 za kuandika maelezo ya kila slaidi, slaidi 10,000 zinahitaji saa 1,667 hivi, yaani kazi ya mtu mmoja kwa miezi tisa au kumi. Mshahara wa msaidizi mmoja kwa mwaka mmoja, pamoja na posho ya heshima kwa wazee watatu au wanne waliostaafu, waje wakae mbele ya picha na kusema wanachokijua. Nchi iliyochukua mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu haiwezi kuniambia kwamba imeshindwa na mshahara huo. Tatizo ni kwamba jengo lina utepe wa kukatwa, na maelezo ya slaidi hayana.

Tuangalie wenzetu. Chama cha Kikoloni cha Ujerumani, Deutsche Kolonialgesellschaft, kilichoundwa mwaka 1887, kilikuwa na hazina kubwa ya picha na slaidi za vioo zilizotumika katika mihadhara ya kuwashawishi Wajerumani waunge mkono makoloni. Hazina hiyo, yenye picha zipatazo 55,000, iko leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na imekwisha kuwekwa katika mfumo wa kidijitali unaoweza kutafutwa. Mtanzania akitaka kuona nchi yake ilivyokuwa enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani, anaingia Frankfurt kwa simu yake. Lakini maelezo anayoyakuta huko chanzo chake ni mkoloni: majina ya mahali yaliyoandikwa kwa sikio la Kijerumani, watu wasio na majina waliofupishwa kuwa "mwenyeji" au kabila. Hilo ndilo somo la kisiasa ambalo wanaharakati wetu hawajalishika vya kutosha. Anayeandika maelezo ndiye anayeitawala picha. Tukikaa kimya, ya mkoloni ndiyo yatakayosomwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Shirika la Nairobi liitwalo Trust for African Rock Art lilikusanya kwa miaka mingi picha za michoro ya mapangoni barani Afrika, nyingi zikiwa slaidi. Kuanzia 2013 jumba la makumbusho la British Museum la London lilizipokea picha zipatazo 25,000 katika mfumo wa kidijitali na kuajiri watu wa kuziorodhesha moja baada ya nyingine. Michoro ya Kondoa, majirani wa Singida, ambayo iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni sehemu ya urithi wa aina hiyo. Siwalaumu London kwa kufanya kazi nzuri. Ila nauliza: kwa nini kazi inayohitaji kujua njia za Kondoa na lugha zake ifanyiwe mjini London, na wahitimu wetu wa akiolojia wanaendesha bodaboda?

Lipo pia suala la sheria, nalo nalielekeza kwa watumishi wa umma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, imeweka utaratibu wa kutunza kumbukumbu za umma na kuamua zipi ziteketezwe. Mhadhiri wa chuo cha umma aliyesafiri kwa gari la umma, akatumia filamu iliyonunuliwa na umma, akapiga picha kwa kazi ya umma, ametengeneza kumbukumbu ya umma. Hiyo ndiyo tafsiri yangu, na anayeipinga aje na hoja. Ikiwa ni hivyo, mkuu wa idara anayeagiza masanduku yapelekwe jalalani ili kupata nafasi ya viti vipya hafanyi usafi. Anaamua peke yake jambo ambalo si lake. Kwa upande mwingine, si kila picha iwekwe hadharani. Slaidi za wagonjwa, za watoto, za ibada za jando na unyago zina haki za watu ndani yake, na tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hakuna wa kusema hakujua. Hakimiliki ya mpigapicha nayo ina sheria yake ya 1999. Hata hivyo, tusiitumie sheria kama kufuli la uvivu. Orodha ya slaidi inaweza kuwa wazi kwa wote, hata pale picha zenyewe zinapofunguliwa darasani tu.

Nini kifanyike? Kwanza, kila idara iwahoji wastaafu wake mwaka huu, kabla hata ya skana kununuliwa. Meza, kisanduku cha mwanga, kinasa sauti cha simu na daftari vinatosha kuanza. Pili, kila fremu ipigwe picha nzima pamoja na mwandiko wake kabla ya filamu kuskaniwa, na ipewe namba moja isiyobadilika, iandikwe kwenye fremu na itumike kuwa jina la faili. Tatu, maelezo yafuate vipengele vichache vinavyofanana kwa vyuo vyote: mahali pa wakati ule na mahali pa sasa, tarehe, mpigapicha, kinachoonekana, somo linalofundishwa, na nani aliyetoa maelezo. Yasiyojulikana yaandikwe kuwa hayajulikani. Kubuni ni dhambi kubwa kuliko kunyamaza. Nne, maelezo yawe kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu mtu atakayesahihisha jina la kilima cha Iramba hakai Frankfurt. Tano, slaidi za asili zisitupwe baada ya kuskaniwa, na zaidi sana zile za hadubini, ambazo ni mwamba wenyewe uliosagwa hadi unene wa milimita 0.03. Picha ya mwamba huo haiwezi kupimwa upya, mwamba unaweza.

Na sita, nakala zirudi zilikotoka. Picha za Sekenke zikae pia katika shule za sekondari za Shelui na Kiomboi, katika ofisi ya wilaya, na kwa vyama vya wachimbaji. Huko hazitakuwa pambo. Huko yupo mama atakayesema mtu yule aliyeshika kofia ni baba mkwe wake, na kwamba lile shimo liko nyuma ya mbuyu, na kwamba mbuyu ulianguka mwaka gani. Ushuhuda wa namna hiyo hauuzwi pamoja na skana.

Wanafunzi mnaonisoma, msisubiri barua ya mkuu wa chuo. Ulizeni idara zenu slaidi ziko wapi, ni ngapi, na nani ana ufunguo. Takeni jibu la maandishi. Tume ya Vyuo Vikuu nayo, inapokagua vyuo, iongeze swali hilo katika orodha yake. Wapo wazee wanaojua kila fremu katika masanduku yale, na wengi wao bado wanapokea simu. Wapigieni wiki hii.